Kipimo cha Mtumba na Meza ya Fundi Redio

Fundi redio wa Sumbawanga, Matai au Kasesya aliyeishika kazi yake sawasawa hufika mahali ambapo sikio lake na malti-mita havimtoshi tena, kwa kuwa redio za mkononi za walinzi, minara midogo ya intaneti na mitambo ya FM ya redio za jamii vyote vinamtaka ajue mawimbi yanatoka kwa nguvu gani na katika masafa yapi. Na maadamu chombo kipya cha kupimia mambo hayo chaweza kumgharimu kuliko kibanda kizima anamofanyia kazi, macho yake huelekea kwenye vya mtumba. Hana sababu ya kuona haya. Vyombo vingi vilivyoundwa na Hewlett-Packard, Tektronix na Marconi katika miaka ya 1970 na 1980 vilitolewa pamoja na vitabu vyenye michoro kamili ya saketi, hata fundi mwenye subira akaweza kuvifungua na kuvitengeneza, fadhila ambayo aghalabu haipatikani katika vyombo vya siku hizi.

Walakini naona wengi wetu tunaanza ununuzi huu kutoka mwisho. Tunatamani kwanza kichanganuzi cha masafa, kwa kuwa kina kioo kinachong'aa na wateja hukistaajabia, ilhali kinachostahili kutangulia mezani ni mzigo bandia wa omu 50, vipunguza nguvu viwili vitatu, na mita ya wati kama ile ya Bird namba 43, isiyohitaji umeme wala betri, ambayo fundi huzungusha kipande chake cha katikati ili mshale uoneshe ama nguvu iendayo kwenye antena ama ile inayorudishwa. Anunuaye mita hiyo na atazame kipande hicho kabla ya kutazama mwili, kwani kila kipande kina masafa yake na wati zake, na pasipo kipande kinacholingana na kazi amenunua sanduku tu. Tena mita yenyewe inakiri kwamba yaweza kukosea kwa sehemu 5 katika 100 za kipimo chake kizima; basi apimaye wati 10 kwa kipande cha wati 100 ajue kwamba kosa lake laweza kufika wati 5, yaani nusu ya anachokipima.

Ama kichanganuzi cha masafa, hicho ndicho kinachotaka hadhari kuliko vyote, kwa maana vingi haviruhusu nguvu izidiyo wati 1 kuingia, na mtu mmoja aliyewahi kukiunganishia redio ya mkononi ya wati 5 pasipo kipunguza nguvu amekwisha kukiunguza mlangoni, hali kioo kingali kinawaka vizuri. Mnunuzi asiridhike kuona taa. Akiache kipate joto kwa muda wa nusu saa, kisha aunganishe na mlango wa kuingilia tundu la kujipimia lililo usoni mwake, ambalo katika jamii ya HP 8590 hutoa megahezi 300 kwa kiwango kinachojulikana, halafu aongeze kipunguza nguvu cha ndani kwa desibeli 10: kilele kisitikisike, bali sakafu ya uvumi ndiyo ipande kwa desibeli zizo hizo 10. Kilele kikishuka, au kikirukaruka kila swichi ya kipunguza nguvu hicho inapolia, kuna ugonjwa ndani, na bei haina budi kuzungumzwa upya au mkono urudi mfukoni. Atazame vilevile nyuma ya chombo kama kimewekwa kwenye volti 120 za Marekani au 230 za kwetu. Nasi wa Ufipa, ambao mji wetu wa Sumbawanga umeishi miaka mingi kwa umeme ununuliwao Zambia, tunajua jinsi umeme unavyoweza kupanda na kushuka, kwa hiyo kidhibiti umeme kihesabiwe katika bei tangu mwanzo.

Nasisitiza usahihi kwa sababu madhara ya kipimo kinachodanganya hayabaki kwa fundi peke yake. Masafa ya FM hukoma kwenye megahezi 108, na papo hapo huanza yale yanayotumiwa na ndege. Mtambo uliorekebishwa kwa kipimo kibovu waweza kumwaga takataka huko, na mwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, akaulizwa juu ya kosa asilolijua. Na kipimo hakiaminiki pasipo cha kukipatanisha nacho. Hapo mpakani Kasesya saa yetu na saa ya Zambia hupishana kwa saa nzima, wala watu hawakosani, maana kila upande unajua saa yake imepatanishwa na nini. Lakini vyombo vyetu vya mtumba havina cha kupatanishwa nacho, na maabara ya ugezi, yaani ya kusahihisha vipimo, ya Shirika la Viwango (TBS) iko Dar es Salaam, mbali nasi mno.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mkoa wa Rukwa upate seti moja ya vipimo vya marejeo, iwekwe katika chuo cha ufundi cha VETA, ipelekwe TBS kila mwaka kugezwa, na fundi yeyote aruhusiwe kuleta chombo chake kilinganishwe nayo na kupewa karatasi yenye tofauti zake. Seti hiyo, hata ikiwa ya mtumba iliyochaguliwa vizuri, halmashauri zetu zaweza kuichangia, na ada ndogo ya kila ulinganisho isaidie kulipia safari ya Dar es Salaam.