Tusiogope Kutoboa Paa la Pikapu

Wakulima wenzangu, wako watu wanaouliza kwa nini pikapu ya kubeba maziwa itiwe redio ya kusema na kusikiliza, ile ambayo wengine huiita simu ya upepo, na hali kila mtu ana simu ya mkono. Jibu ni rahisi. Simu ya mkono hutaka mnara na salio, nayo huita mtu mmoja tu. Redio hii huita kutoka gari hadi gari, na wote walio karibu husikia mara moja. Wenzetu wa Marekani walifunguliwa masafa yake mwaka 1958, na katika miaka ya 1970 madereva wa malori waliitumia sana. Hata hapa Kenya, madereva wa watalii katika Maasai Mara hupashana habari kwa redio za magari.

Basi redio ni kitu chema. Neno langu ni juu ya antena.

Kikundi chetu hapa Lumakanda kilinunua redio mbili, tukataka antena zifungwe. Fundi alishauri zitiwe katikati ya paa. Sisi tulikataa, tukisema kwamba gari likitobolewa litaingia kutu na kupoteza bei. Mimi mwenyewe ndimi niliyeandika azimio hilo kitabuni. Antena zikafungwa kwenye bampa ya nyuma, juu ya rangi.

Mvua za masika zilipofika, pikapu moja ilikwama matopeni alfajiri, imejaa mitungi ya maziwa. Simu ya dereva ilikuwa imezimika. Akawasha redio, akawasikia wenzake wakizungumza vizuri kabisa. Akaita, akaita tena, wala hawakumjibu. Jua lilipopanda, maziwa yaliganda. Baadaye fundi alifungua redio akakuta sehemu ya kupelekea sauti imeungua.

Sababu yake ni hii. Antena ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni bati la gari. Fimbo ikisimama katikati ya paa ina bati pande zote, na sauti huenda kila upande. Ikifungwa juu ya rangi haigusi chuma, na nguvu nyingi hurudi redioni na kuichoma. Mawimbi ya redio hizi yana urefu wa meta 11 hivi, na fimbo kamili ingekuwa robo yake, karibu meta 2.7. Kwa sababu ya matawi ya njiani, nyingi hufupishwa kwa waya uliozungushwa ndani yake. Na fimbo fupi huhitaji bati zuri zaidi.

Kwa hiyo nashauri paa litobolewe. Rangi ikwanguliwe chini ya paa mpaka chuma kionekane, tundu litiwe mpira na grisi ili maji na kutu visiingie. Asiyetaka kabisa kutoboa, na atumie antena ya sumaku papo hapo katikati ya paa. Waya wake usibanwe na mlango. Umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri.

Kisha fundi apime nguvu inayorudi, gari likiwa mahali peupe na milango imefungwa. Kipimo kikiwa 1.5 au chini yake, ni vizuri. Kikipita 3, msiseme kwenye redio hiyo hata kidogo. Kikiwa kikubwa katika chaneli ya 40 kuliko ya 1, fimbo ni ndefu. Ikatwe kidogo kidogo.

Tena, kabla ya kununua, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya juu ya kibali, maana masafa ya redio yana sheria yake.

Tulihifadhi bati, tukamwaga maziwa. Tundu dogo juu ya paa huzibwa kwa mpira. Hasara ya mkulima haizibwi hivyo.