Vipele si hoja ya kumnyima mtoto penisilini maishani

MTOTO ametokwa na vipele siku ya tatu ya kumeza amoksisilini. Papo hapo ameandikwa kijitabuni kuwa ana mzio wa penisilini. Hukumu hiyo humfuata hadi utu uzimani. Ilhali wanapopimwa na wataalamu, zaidi ya 9 kati ya 10 waliohukumiwa hivyo hubainika hawana mzio. Mara nyingi vipele huletwa na virusi vilivyowauguza.

Kosa hili lina gharama. Amoksisilini ndiyo dawa ya kwanza ya nimonia kwa watoto nchini, tena nafuu. Mbadala wake aghalabu huwa ghali na huchochea zaidi usugu wa bakteria.

Midomo ikivimba, pumzi ikikatika au ngozi ikitoka malengelenge, hilo ni jingine: dawa ikome, akimbizwe hospitalini. Vipele vya kawaida navyo vihukumiwe na daktari, si muuza dawa.