Tunacholipia si kitanda

Kwenye suala la gharama za kusafiri kwenda tamasha, naomba niseme neno. Sisi mashabiki wa Phish tunaokwenda kuiona bendi hiyo ikipiga ufukweni Riviera Maya, Meksiko, hatulipii kitanda na chakula tu. Bendi hii iliyoanzia Vermont mwaka 1983 haizunguki na orodha ileile ya nyimbo. Mwaka 2017 ilipiga usiku 13 pale Madison Square Garden bila kurudia hata wimbo mmoja! Ndiyo maana hata huko ufukweni, walikoanza kupiga mwaka 2016, kukosa usiku mmoja kunauma kweli.

Jukwaa liko mchangani, unacheza pekupeku huku upepo wa bahari ukikupuliza. Trey Anastasio akianza kulicharaza gitaa, wimbo mmoja unaweza kupita dakika 20 na hakuna anayechoka. Asubuhi, kwenye foleni ya mayai, watu wasiojuana wanabishana nani aling'ara jana: Page McConnell kwenye kinanda au Mike Gordon kwenye besi. Urafiki wa kweli unaanzia hapo. Mwenye bendi anayoipenda kwa dhati aanze kudunduliza mapema, aende. Hatajuta.