Kapo yangu si ya wapenzi, ni ya gitaa!

Mimi niko huku Lukuledi. Vumbi ndilo linalotusumbua, lakini tumeshalizoea.

Leo naomba nizungumzie kapo. Tulia hapo hapo! Najua wale wa umbea mmeshakaa mkao wa kula mkidhani nawaletea habari za fulani kaonekana na fulani. Wapi! Kapo ninayoisema ni kile kidude cha kubania nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Neno lenyewe ni la Waitaliano, wao hukiita capotasto, wapiga gitaa wakalikata mkia ikabaki kapo.

Kwa wasiojua, gitaa kavu ni lile lisilo na umeme, ambalo wazee wetu walizoea kuliita galatoni kwa sababu ya magitaa ya Gallotone yaliyokuwa yakitoka Afrika Kusini. Lina nyuzi sita, na shingoni vimelala vichuma vinavyoitwa freti. Ukizibana nyuzi zote kwenye freti ya kwanza, gitaa zima linapanda nusu toni. Ya pili, toni nzima. Hivyo unapiga kodi zako zile zile rahisi za G, C na D (za muziki jamani, si za TRA!) huku wimbo unatokea kwenye ufunguo mwingine kabisa.

Sasa kuna mzee mmoja hapa kijijini aliyewahi kupiga bendi enzi zake. Siku aliponiona nataka kununua kapo alinicheka mpaka nikaona aibu. "Njomba," akaniambia, "hilo ni gongo la mvivu. Mwanamume anabana kwa kidole!"

Mwenzenu nikamwamini. Miaka miwili sikugusa kapo. Kichwani nilikuwa na Jean-Bosco Mwenda, yule bingwa wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga Masanga. Kidole gumba na cha shahada tu, lakini ukimsikiliza utaapa wapigaji wako wawili. Nikajiona na mimi ndiye Mwenda wa Lukuledi. Kumbe najidanganya.

Aliyenitoa ujinga ni mama yangu mzazi. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kigango chetu, na sauti yake ilikuwa inafika mpaka ng'ambo ya mto. Mwaka juzi akafanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Alipona vizuri, Mungu mkubwa, ila sauti ilirudi imeshuka. Wimbo aliokuwa akiuimba kwa C, sasa akifika juu inakatika. Akaacha kuimba. Hakusema neno, aliacha tu. Akipika kimya, akibangua korosho kimya. Nyumba ikawa kama imehamwa.

Ikakaribia harusi ya dada yangu. Kwetu mama ndiye humwimbia binti wakati wa kumuaga, na dada alishasema wazi kwamba mama asipoimba yeye hatoki ndani. Kazi ikawa kwangu. Jioni nikatoka na gitaa uani, nikamwambia mama jaribu. Kwa C, akakohoa. Nikashuka A, ukazama mno, anasikika kama anayenong'ona. Mahali pake palikuwa katikati, Bi flati.

Anayepiga gitaa anajua Bi flati ni balaa. Kodi zake karibu zote ni za kulaza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote sita. Ukifika beti ya tatu kidole kimekufa ganzi, nyuzi zinaguna badala ya kulia. Hapo maneno ya yule mzee nikayatupa. Nikakata kipande cha penseli, nikakilaza kwenye freti ya tatu, nikakifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikapiga G, na gitaa likatoa Bi flati! Mama akaimba wimbo wote. Alipomaliza akaingia ndani haraka akisema moshi umemwingia machoni. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini si mnajua tena vijana na kupenda makuu? Nikaona penseli harusini itaniaibisha mbele ya watoto wa mjini. Hela ya korosho ilipoingia nikamwagiza mtu Dar, akaniletea kapo ya kung'aa ya shilingi 15,000, ya kubana kwa springi kama kibanio cha nguo. Sikuijaribu hata siku moja na mama. Nilitaka kuwashangaza.

Nikawashangaza kweli. Springi yake ilikuwa kali kama mtego wa panya, na gitaa langu nyuzi zake zimenyanyuka juu ya shingo. Kapo ilipozikandamiza zikavutika zikapanda, tena si zote sawasawa. Mama akaanza, akasikia gitaa haliko naye, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza tena. Ukumbi kimya. Nikamwona anaangalia chini, na mimi najua anachofikiri. Anadhani ni sauti yake imemwangusha mbele za watu.

Jamani, sijawahi kuona aibu kama ile. Nikamgeukia karani wa michango, penseli imechomekwa sikioni, mbele yake mabunda ya noti yamefungwa mipira. Sikuomba ruhusa. Nikachukua penseli, nikachukua na mipira miwili, noti zikatawanyika mezani mzee wa watu akabaki kuzikumbatia. Nikafunga freti ya tatu, nikarekebisha nyuzi, nikamnong'oneza mama, "Lilikuwa gitaa, si wewe." Mama akaimba. Dada akalia, bibi akalia, na karani naye akalia, ila yeye sijui kama si kwa ajili ya zile noti.

Baada ya pale mjomba wangu, ambaye ni mchongaji, akanichongea kijiti cha mpingo, upande mmoja bapa. Nikagundisha kipande cha mpira chini yake, nikaweka kamba ya kukaza. Wahispania wanaopiga flamenko wana kapo za mbao za namna hii hii, zinazokazwa kwa kigingi. Hiyo ndiyo kapo yangu, na kwa gitaa langu siibadilishi.

Sisemi kila mtu afunge mbao. Kapo za dukani nzuri zipo. Kyser ya Marekani ni ya springi, unaihamisha kwa mkono mmoja wimbo ukiendelea. Shubb, nayo ya huko huko, ina skrubu, unachagua mwenyewe ibane kiasi gani. Penseli nayo ina ubaya wake, inachongeka na nyuzi, na mpira unalegea.

Ushauri wangu ni huu. Nenda dukani na gitaa lako. Angalia shingo, kama ni bapa kama zile za nyuzi za nailoni, kapo iliyopinda haitabana nyuzi za katikati. Iweke karibu kabisa na freti kwa nyuma yake, siyo juu yake. Piga uzi mmoja mmoja, usikie kama kuna unaoguna au uliopanda. Ukipanda hata kidogo, rudisha, usisikilize maneno ya muuzaji.

La mwisho ndilo kubwa: nenda na mwimbaji wako. Yule mzee alisema kapo ni gongo, na gongo halina aibu likimsaidia mtu kutembea. Mimi nilikuwa nachagua kapo ya kuonekana nayo. Kumbe anayeichagua ni sauti ya mwingine.

Siku hizi jioni ikifika mama huniuliza, "Kile kijiti chako kiko wapi?" Hapo najua leo uani patakuwa na nyimbo.