Mkweche ni Shule, Si Aibu

Ukitaka kuchekwa Nairobi, nunua gari la miaka 25 halafu useme utalitengeneza mwenyewe. Wenzako kazini watakuuliza kama makanika wameisha mjini. Shangazi atakukumbusha kwamba hiyo pesa ingekuwa deposit ya shamba. Na muuzaji wa magari ya mkopo atakuita pembeni, akuonyeshe kitu kinachong'aa, akwambie, "Boss, hii unalipa polepole tu."

Mimi nasema wacheni kucheka. Mkweche uliochaguliwa kwa akili ni shule ya ufundi ya bei rahisi kuliko nyingi ambazo mtu wa Eastlands anaweza kuingia leo bila barua ya kuitwa. Tatizo ni kwamba watu wengi huchagua vibaya, kisha lawama anabebeshwa mkweche.

Nasema haya kutoka Muthurwa. Mtaa huu ulijengwa na reli kwa ajili ya wafanyakazi wake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji wenyewe ukakua ukizunguka stesheni, stoo na karakana. Watu waliolala katika vyumba hivi vya mawe walijua sauti ya chuma kilicholegea kabla hakijavunjika. Leo mjukuu wao, mwenye simu ya elfu 40, anamlipa mtu kuja kumbadilishia plagi nne. Si uvivu. Ameambiwa tangu shule ya msingi kwamba mikono yenye grisi ni mikono ya aliyefeli.

Na historia inawasuta wanaodharau mitumba. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari wa hapa Kenya, alishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao? Volvo PV544 lililokuwa limeshatumika na wengine. Waliwashinda watu wenye magari mapya kwa sababu walilijua la kwao nati kwa nati.

Sasa tuje kwa hesabu ambayo muuzaji wa mkopo hapendi uifanye. Sheria yetu hairuhusu kuingiza mtumba wa zaidi ya miaka 8. Maana yake, lile Toyota 100 au Nissan B12 unaloliona likikohoa Jogoo Road limezeekea hapa hapa. Mashimo yetu limeyapiga, vumbi letu limelimeza, na magonjwa yake yanajulikana na kila fundi kutoka Landhies Road hadi Kariobangi. Gari jipya la mkopo linakuja na siri zake, na ukikosa kulipa linarudi lilikotoka. Mkweche ukisimama, unasimama nje kwako, na hakuna anayekupigia simu.

Lakini nina ugomvi pia na wenzangu wanaojiita wapenda magari. Kijana anaona BMW la zamani linauzwa bei ya pikipiki mbili, anakimbia nalo. Ndugu yangu, bei hiyo ni hofu ya mtu aliyeulizia bei ya giaboksi akaamua gari liwe tatizo la mwingine. Huo si mradi wa nyumbani. Hata Peugeot 504, ambalo liliunganishwa Mombasa na ambalo nalipenda kama mzee wa familia, simshauri anayeanza. Utatumia miezi ukitafuta spea badala ya kujifunza kuifunga.

Chagua hivi. Kwanza, spea. Tembea Kirinyaga Road, ile wengi bado tunaiita Grogan, kabla ya kutembelea muuzaji yeyote. Uliza bei ya pedi za breki, wota pampu, klachi na radieta. Kama maduka matatu ya kwanza wanakutazama kama umeuliza spea ya ndege, achana na gari hilo.

Pili, kutu. Injini hubadilishwa kwa siku moja au mbili. Bodi iliyooza haina dawa. Inua kapeti, gonga chini ya milango, angalia pale shokabzoba zinaposhikia juu. Rangi mpya sehemu moja tu ni plasta juu ya kidonda.

Tatu, nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Gusa boneti. Ukikuta ina joto, muuzaji ameiamsha mapema na ana sababu yake. Fungua kifuniko cha oili: ukiona kitu kama maziwa lala, huenda maji yameingia kwenye oili, na gasketi ya hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli inazidi.

Nne, karatasi. Jina kwenye logbook liwe la anayekuuzia, na ulithibitishe kwa mamlaka kabla pesa haijatoka. Gari lisilo na karatasi si mradi, ni kesi.

Tano, nunua linalotembea vibaya, usinunue lililofunguliwa. Linalotembea hukufundisha ugonjwa mmoja kwa wakati. Lililofunguliwa litageuka nyumba ya kuku. Na pesa uligawe mara mbili: nusu ya kununua, nusu ya kutengeneza. Anza na breki, stelingi na tairi. Redio itangoja.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo siidharau. Nyumba zetu hazina gereji. Uwanja unaomwagia oili ndio watoto wanachezea, na mvua ikinyesha uchafu huo unateremka hadi mtoni. Ni kweli. Jirani ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo anayetengeneza gari kwenye ploti na awe na karai la kukinga oili, mtungi wa kuirudishia kwa wanaoinunua, na saa ya kuacha kugonga. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Aweke stendi au magogo mazito, na watoto wakae mbali.

Ila kukataza kabisa ni jambo jingine. Siku hizi ukisoma masharti ya nyumba za kupanga, "hakuna kutengeneza magari" inaandikwa karibu na "hakuna mbwa". Uwanja unaruhusiwa kuwa parking ya gari la mkopo, hauruhusiwi kuwa mahali pa kujifunza. Hapa Muthurwa tunajua uzito wa uwanja. Mwaka 2010 wapangaji walipokabiliwa na kufurushwa walikimbilia Mahakama Kuu, na uamuzi wa mwaka 2013 ulikubali kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Aliyepigania chumba asione haya kupigania pia kona ya kuwekea jeki.

Ninachotaka ni kidogo. Kila mtaa utenge kona moja yenye sakafu ya simiti na pipa la oili chafu. Na wewe mwenye mkweche, usifunge boneti kijana wa jirani akija kuchungulia. Mpe spana ya plagi na umwonyeshe plagi ya kwanza. Hizo tatu zilizobaki azitoe mwenyewe.