VIUNGO VYETU WANAVITAKA, DINI YETU IBAKI MLANGONI



Mtu akikuambia utaje filamu moja ya jikoni ambayo shujaa wake anaitwa Hassan, huenda utataja The Hundred-Foot Journey ya mwaka 2014. Steven Spielberg na Oprah Winfrey ni miongoni mwa watayarishaji wake. Familia kutoka Mumbai inafungua mkahawa kijijini Ufaransa, ng'ambo ya barabara tu kutoka kwa Madame Mallory, mwenye mkahawa wa nyota ya Michelin. Hassan anajifunza mapishi ya Kifaransa, anaongeza viungo vya kwao, na Madame anapata nyota ya pili.

Tamu, sivyo? Sasa ngoja.

Filamu imetokana na riwaya ya Richard C. Morais. Humo kijana anaitwa Hassan Haji, na riwaya haifichi kwamba ni Muislamu. Kufika kwenye filamu, Haji ametolewa, amewekwa Kadam. Kadam halina ubaya, ni jina la watu wa Maharashtra. Lakini kwani Haji lilikuwa na kosa gani? Ni jina ambalo mtu wa Mombasa, Dakar au Jakarta akilisikia tu anajua huyu ni ndugu yake.

Na si jina peke yake. Genge linauchoma mkahawa wao Mumbai, mama anakufa motoni. Kisa nini? Filamu inagusagusa habari za uchaguzi, halafu inapita mbio. Watu wamechomewa nyumba, na mtazamaji haambiwi sawasawa kwa nini.

Lakini kinachoniuma zaidi ni jikoni penyewe. Mpishi kazi yake ni kuonja. Hassan anapika nyama ya ng'ombe ya Kifaransa, ile inayochemshwa kwa mvinyo mwekundu, na anaitia viungo vyake. Haya, kijana wa Kiislamu anauonja vipi mchuzi huo? Anamwambia nini Madame? Baba yake je, anakubali? Filamu nzuri ilikuwa imelala hapohapo, na wao wakairuka! Swali hilo halikupewa nafasi.

Sisi tunalijua. Kijana wa Pwani anayesomea upishi akapata kazi hotelini, siku moja atawekewa nyama ya nguruwe mezani aambiwe akate. Kuna anayekataa na kupoteza kazi. Kuna anayezungumza na mpishi mkuu kwa adabu, akahamishiwa upande wa samaki au mikate. Na kuna anayenyamaza, akarudi nyumbani usiku hawezi kumtazama mamake usoni. Hao wote ni Hassan. Yupi kati yao umewahi kumuona kwenye skrini?

Najua kuna atakayesema, "Si afadhali? Angalau safari hii Hassan si gaidi." Kweli, afadhali. Lakini afadhali si haki. Ukikaribishwa kwa sharti kwamba uje na bizari na iliki, ila swala, halali na haramu uziache nje, basi hukukaribishwa wewe. Kimekaribishwa kikapu chako cha viungo.

Na jambo hili si la sinema tu. Hapa Kenya vijana wetu wangapi wamepigwa msasa kwenye foleni ya kitambulisho, wakaulizwa hadi babu wa babu, kwa sababu ya jina kama hilo la Haji? Jina likifichwa kwenye skrini ili lisimkwaze mtazamaji, anayelibeba mtaani atazidi kuonekana mgeni.

Kwa hivyo tusilalamike tu. Simu unayo, jikoni unakujua. Mrekodi dada anayepika biriani ya harusi, mrekodi kaka aliyekataa kuionja ile sosi. Waombe ruhusa kwanza, kisha wape nafasi waseme wenyewe, kwa majina yao kamili.

Wewe uliyewahi kufanya kazi jikoni: siku ile ulipowekewa usichokila, ulifanya nini? Tuandikie.

Wabillahi tawfiq.