Ukipiga Picha Nyumba ya Watu, Piga Hodi Kwanza

Kuna staa mmoja wa filamu za Kibongo, jina lake libaki kapuni, ambaye mwaka jana alirusha mtandaoni picha ameegemea mlango wa zamani wa nakshi. Ukuta wa chokaa umebanduka, mizizi ya mti imeteremka juu ya dirisha, jua la jioni linapiga kwa pembeni. Picha kali, hilo halina ubishi. Laiki zikamiminika, na kwenye maoni watu wakawa wanauliza kitu kimoja tu: "Lokesheni wapi hapo?"

Staa kimya. Wala hakuwa anabana siri, hakujua. Gari lilisimama kwenye barabara ya kwenda Pangani, picha zikapigwa dakika kumi, safari ikaendelea. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na bibi amekaa kwenye jamvi anachambua mchele. Katika msafara wote hakuna aliyempa hata shikamoo.

Sasa upande wa pili kuna jamaa mmoja wa Tanga mjini, muuza vipuri vya pikipiki. Huyu hana wafuasi wa kutisha. Kila Jumapili anafunga duka, anatundika begani kamera yake ya mtumba, anapanda bodaboda na kuingia vijijini: Muheza, Pangani, Korogwe. Anapiga picha nyumba za wazee, stesheni za reli, misikiti midogo, kambi za mkonge na mibuyu. Mbuyu mmoja anaweza kuurudia kiangazi ukiwa hauna jani, halafu akaurudia tena masika ukiwa umevaa. Mtaani wanamwita Bwana Magofu. "Hela iko wapi hapo?" wanamuuliza. Anacheka tu. Kwani anayeshinda kibandani kuangalia mpira wa Ulaya analipwa na nani?

Na mkoa ule una vya kupiga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika ijulikane dunia nzima kwa mkonge. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa reli kutoka Tanga kuelekea Usambara. Manamba wakaletwa kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge, wakazaa, wakazikwa hukohuko. Baadaye kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, kambi nyingi zikahamwa. Zikabaki kuta, popo na miti inayoota ndani ya vyumba. Kwa hiyo anayepiga picha kule asidhani anapiga ukuta mbovu. Anapiga jasho la babu wa mtu.

Ndiyo maana kilicho muhimu zaidi kwenye begi la Bwana Magofu ni kaunta buku, kamera inafuata. Akifika anasalimia, anaomba ruhusa, anapiga, kisha anaandika: kijiji gani, tarehe gani, nyumba ya nani, nani kamsimulia. Nyumba aliyoegemea yule staa alishaipiga miaka miwili kabla. Kwenye daftari lake imo habari ya bibi, imo habari ya baba yake bibi aliyeijenga, na limo jina la fundi aliyechonga ule mlango.

Hapa ndipo kisa kilipoharibika. Jamaa alipoona watu mtandaoni wanauliza lokesheni na hakuna wa kuwajibu, akajibu yeye. Aliandika kila kitu: jina la kijiji, njia panda ya kuingilia, mbuyu wa kukatia kona. Watu wakamshukuru, wengine wakamwita mzalendo. Naye akajisikia, na kwa haki.

Miezi michache baadaye akarudi kule. Mlango haupo, mahali pake pamepigiliwa bati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wenzako walikuja na gari. Wakasema wameuona kwenye simu. Mjukuu wangu kawapa, kapewa hela ya mabati."

Wenzako! Bibi hakusema kwa hasira, alidhani kweli ni kundi moja. Jamaa alikosa la kusema.

Lawama iende kwa nani hapo? Wengi watamrushia staa, kwa sababu staa ni rahisi kumrushia. Lakini ukweli ni kwamba staa alikosa adabu, hakutoa mlango. Aliyewaonyesha wanunuzi njia ni yule mwenye kupenda majengo kuliko wote. Staa hakumwona bibi kabisa. Bwana Magofu alimwona, akamwandika, halafu siku ya kutangaza nyumba yake akasahau kumuuliza. Aliomba ruhusa ya kupiga picha. Ruhusa ya kuwaelekeza watu wasiojulikana mpaka mlangoni kwa bibi hakuwahi kuiomba.

Wapo watakaosema serikali ilinde. Sawa, ila wasome. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Wajerumani walikuja kutawala miaka ya 1880, maana yake hakuna boma lao, stesheni yao wala kambi ya mkonge inayoingia humo yenyewe mpaka itangazwe. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 sheria hiyo inaitaja kuwa vitu vya kulindwa, lakini nani alishawahi kwenda kumwambia hivyo yule bibi na mjukuu wake? Mvua inavuja, bati linauzwa dukani, mnunuzi kasimama uani na noti mkononi. Kijana angefanyaje?

Kwa hiyo hobi hii ni nzuri na iendelee, tena vijana wengi zaidi waingie, maana nyumba nyingine zitaanguka masika ijayo na hakuna aliyezipiga hata kwa simu ya kitochi. Ila ina adabu yake. Salimia. Uliza kabla ya kupiga, uliza tena kabla ya kurusha. Andika kila kitu kwenye daftari, lakini mtandaoni weka kile tu ambacho mwenye nyumba amekubali. Jina la wilaya linatosha. Anayetaka kufika, afike kwa kupitia kwa wenyeji kama mgeni mwingine yeyote. Na picha ukiisafisha, moja ipeleke kwa mwenyewe.

Bwana Magofu alisafisha yake kubwa, akaipeleka. Bibi akaishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye maua ya nakshi, akamwambia mjukuu aitundike ndani, ielekee mahali pale palipo na bati. Mlango umeondoka. Kilichobaki cha kuonyesha ulivyokuwa, na cha kuutambua siku ukionekana kwenye sebule ya mtu, ni ile picha na ukurasa mmoja wa kaunta buku.

Yule staa naye picha yake bado ipo mtandaoni na bado inapata laiki. Kwenye maoni watu bado wanauliza lokesheni. Safari hii jamaa wa vipuri anapita kimya.

Wadau, mngekuwa nyie mngejibu?